Maji ya Saba

...maji matatu, hayakuwa saba, yalikuwa matatu, na aliyehesabu ni yeye mwenyewe kwa mdomo wake, hakutumwa, hakulazimishwa, wala shetani hakumshika mkono, maana watu wamezoea kumsingizia shetani mambo waliyoyafanya wakiwa na akili zao timamu, yeye kosa lake analijua kwa sura na kwa umri, limefikisha miaka thelathini na minne, lingekuwa mtoto lingeshakuwa na watoto wake, na sasa amesimama nalo hapa mbele ya sinki la jiko la Daktari, bilauri moja mkononi, bomba limefunguliwa nusu, birika liko motoni na bado halijaguna, na huko sebuleni yule bwana wa Taasisi anasoma barua kwa sauti ya kuhutubia mkutano ingawa anayemsomea ni mtu mmoja tu, bibi wa miaka themanini na mmoja asiyeona tena maandishi, "Mimi, mwanabiokemia mstaafu wa Taasisi hii," anasoma, "nathibitisha kwa hiari yangu kwamba majaribio yangu ya kwanza kuhusu kimeng'enya cha mbegu chungu yalikuwa na dosari, na kwamba uamuzi wa kamati ya wakati ule ulikuwa wa haki," na Daktari anasema, "Ngoja hapo, rudia neno la mwisho," na yule bwana anarudia, "wa haki," na Daktari anasema, "Aa," basi, kama mtu aliyeonjeshwa kitu akakumbuka ladha yake ya zamani... wa haki, Mungu wangu, na maji yanapita ndani ya bilauri, yanaingia yanatoka, hayana habari na haki wala dhuluma, na yeye anayatazama mpaka yanaacha kuwa maji ya bomba hili, yanakuwa maji ya kule, ya sinki refu la mawe la maabara, lenye madirisha matatu mbele yake, asubuhi jua linapoingia na kukuta mirija ya kioo imepangwa kwenye kichanja, mamia, kila mrija na kijua chake kidogo ndani, na yeye msichana wa miaka ishirini na miwili, aproni imemzidi urefu, masomo aliyaacha njiani kwa sababu nyumbani walikuwa watoto saba na kitabu kimoja, ameajiriwa kuosha vyombo vya wasomi, na siku ya kwanza kabisa akamwona mwanamke mwenye koti jeupe anakuja na trei, akamwambia, "Shikamoo nesi, samahani, huyo daktari mwenyewe huwa anakuja saa ngapi?" na yule mwanamke akaweka trei chini, akalitazama koti lake, akasema, "Huwa anachelewa. Leo amewahi," na hivyo ndivyo walivyojuana.

Mwanamke wa kwanza, jengo zima wanaume arobaini na yeye, wa kwanza kuisoma biokemia mpaka mwisho wake na kurudi na vyeti vyake mkononi, na Taasisi ikampokea kama mtu anavyompokea mgeni aliyemwalika kwa adabu tu bila kutegemea kwamba atakuja kweli, wakampa meza, wakampa koti la kiume lenye vifungo upande usio wake, choo hawakumpa, maana choo cha wanawake hakikuwepo, alikuwa akivuka uwanja mpaka jengo la maktaba, mvua jua, na siku moja mgeni wa heshima alimwagiza chai pale ukumbini, akaenda akaileta, akaiweka mbele yake, sukari vijiko viwili kama alivyotaka, kisha akapanda jukwaani akamhutubia saa nzima, na chai ya yule mgeni ikapoa hivyo hivyo hajainywa, hilo walilicheka wawili, yeye na Daktari, kule chumba cha kuoshea, wamefunga mlango, mpaka Daktari akajifuta macho kwa pindo la koti... "Jengo lina ghorofa ngapi?" Daktari anauliza huko sebuleni, na yule bwana anasema, "Nne, Mama, na jina lako litakaa juu ya mlango mkubwa, bamba la shaba, limeshachongwa," na Daktari, "Wameliandika sawasawa? Mara ya mwisho waliniandika Bwana," na yule bwana anacheka kicheko cha kazini, "Safari hii tumeangalia, Mama," na Daktari, "Na choo cha wanawake?" "Kila ghorofa, Mama." "Basi tumeendelea," anasema Daktari, na kiti chake kinalia kidogo, maana akitania huwa anajisogeza mbele, na yeye hapa jikoni angecheka, siku nyingine angecheka, lakini bilauri imekuwa nzito mkononi kama imejaa mchanga... hiyo barua ndiyo bei ya mlango, hilo amelielewa tangu yule bwana alipovua kofia, jina litawekwa lakini kwanza atie sahihi kwamba alikosea, ili kumbukumbu za Taasisi zikae sawa, ili isionekane kwamba walimnyima mtu kiti chake kwa kosa ambalo si lake, na kosa si lake, ee Mola, kosa liko hapa jikoni linasuuza bilauri.

Mama Saba, wafanyakazi walimwita hivyo nyuma ya mgongo wake, na mbele yake pia baada ya muda, kwa sababu ya sheria yake ya kuosha, kila mrija ukishatoka kwenye sabuni upite maji saba, na si maji ya bomba, ni maji ya mtambo, yale yanayochemshwa yakawa mvuke na mvuke ukapozwa ukawa maji tena, safi hata hayana ladha, na alimweleza sababu, hakumwamrisha tu kama wale wengine, alimketisha kwenye stuli akamweleza, "Mdogo wangu, hiki tunachokitafuta kinaitwa kimeng'enya, ni kidogo hukioni, kipo ndani ya kila chenye uhai na kinafanya kazi kama fundi, kinakata hiki, kinaunga kile, sasa tazama mbegu hii chungu ya porini, ng'ombe akiila anakufa, lakini ikichipua siku nne uchungu haupo tena, sumu imekwenda, nani ameiondoa? Kuna fundi humo. Mimi nataka kumtoa nje nimwone anavyofanya kazi. Ila ni fundi mwenye wivu, hataki kukuta kitu cha mtu kwenye karakana yake, chembe tu ya sabuni, anaweka vyombo chini anakufa," na yeye akaogopa, akajiona ameshika roho za mafundi wasioonekana mikononi mwake, na kwa kuwa hesabu ilikuwa ikimponyoka kila mawazo yakimjia, akabuni njia, kila maji aliyapa mtoto mmoja wa mama yake, maji ya kwanza kaka mkubwa, Mungu mlinde, maji ya pili dada aliyefia uzazini, Mungu mpumzishe, maji ya tatu kaka aliyeondoka bila kuaga, Mungu mrudishe, hivyo hivyo anashuka mpaka maji ya saba ambayo yalikuwa yake mwenyewe, yeye kitinda mimba, na hapo hakuwa na la kuomba, alisema tu, Mungu nione, akageuza mrija kichwa chini ukauke... mirija mia, sala mia saba kwa siku, watu walikwenda nyumba ya ibada mara moja kwa juma na yeye alikuwa akishinda humo, hivyo ndivyo alivyojiona, na labda kiburi kile cha kujiona ndicho kilichomponza, maana anayejiona yuko karibu sana na Mungu husahau kutazama anapokanyaga.

Akaja dereva. Dereva wa mkurugenzi, kofia imekaa upande, funguo zinalia kidoleni, mlango wa nyuma wa chumba cha kuoshea, alasiri ya Alhamisi, "Mrembo wa maji," anasema, mabega yote mawili yameegemea mlango, "gari la mkubwa betri yake imekauka, nipe maji ya betri kidogo," na yeye, "Haya si maji ya betri, ni maji ya kazi," na dereva, "Na mimi nafanya nini, nacheza? Kesho mkubwa anawafuata wale wazee wa kamati, gari lizime njiani niwasukume na matumbo yao?" na yeye akacheka, kwa nini alicheka, na dereva akasema, "Unaona, hata meno yako yananikubalia, umebaki moyo," "Hujui kuomba wewe," "Sijaomba bado, mimi siku nikiomba utajua," na hapo mwili wake ukapata joto mpaka masikioni, akampa, si kidogo, madumu mawili, yote yaliyokuwepo, maana dereva alisema na gari la pili nalo lina kiu, na mtambo ule haukuwa na haraka na mtu, ulitoa tone, ukafikiri, ukatoa tone, dumu moja kutwa nzima, na kesho yake kulipokucha ilikuwa ndiyo siku ambayo Daktari aliingojea miaka sita, kamati inakuja kuona kwa macho yake, na mirija kumi na miwili inatakiwa mezani saa nne, na ndani ya mtungi wa mtambo kuna maji ya kusuuza mara tatu tu, akiyabana... angeweza kusema. Hapa ndipo kosa lilipo, kutoa maji ulikuwa ujinga wa msichana, dhambi ilikuwa hii, Daktari alipita pale mlangoni akauliza, "Kila kitu sawa, mwenzangu?" na neno lilikuwa fupi, maji hayatoshi, basi, angesema hivyo kamati ingengoja siku moja, lakini akiulizwa yamekwenda wapi atasema nini, atamtaja nani, akasema, "Sawa, Daktari," akageuka kwenye sinki, kaka mkubwa Mungu mlinde, dada Mungu mpumzishe, kaka wa tatu Mungu mrudishe, akaishia hapo, kwake mwenyewe hakufika, siku ile hakumwomba Mungu amwone.

Walikuwa watatu, yeye aliwapa majina yao moyoni, wa Saa, wa Miwani, na wa Kikohozi, walisimama kuzunguka meza, na Daktari amevaa viatu vipya vinavyombana, anaeleza, anatia hiki, anatia kile, "Baada ya dakika kumi itageuka rangi ya manjano, waheshimiwa, hapo mtajua fundi yuko kazini," na dakika kumi zikapita, mirija ikabaki myeupe kama maji ya mvua, na wa Saa akatazama saa yake, na wa Kikohozi akakohoa, na Daktari akasema, "Tungoje," wakangoja, ishirini, arobaini, nje mtu anafyeka majani na sauti ya fyekeo inaingia dirishani, fyu, fyu, kama anayefagia kila kitu, mpaka wa Miwani akasema kwa upole mkubwa, na upole wake ndio uliouma, "Mama, tumengoja," na wa Saa akauliza, "Unaweza kutueleza kwa nini haikuwa?" na Daktari akasema, "Sijui," na juma lililofuata barua ikaja, kiti alichoahidiwa kwenye Baraza la wanasayansi kimeahirishwa, na maabara kubwa inahitajika kwa kazi nyingine, akahamishiwa chumba cha chini ya ngazi, watu wakipanda juu mavumbi yanamwagika kwenye mizani, miaka kumi na moja chini ya ngazi, na kimeng'enya chake kikagunduliwa na watu wengine, mbali, miaka tisa baadaye, wao ndio walioandikwa wa kwanza... "Hatusemi hukugundua, Mama," yule bwana anasema, "tunasema tu yale ya mwanzo yalikuwa na dosari, ni lugha ya ofisi," na Daktari, "Mwanangu, haya maneno uliyaandika wewe?" "Yaliandikwa na jopo, Mama." "Nimeuliza kwa sababu yana mwendo mzuri," anasema Daktari, "nimewahi kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini si kwa mkono mwepesi hivi," na karatasi inakunjuliwa.

Na Mungu anajua, hilo ndilo alilojifariji nalo miaka yote, Mungu anajua, amemwambia akiwa amepiga magoti, akiwa amelala, akiwa anapanga foleni, amefunga siku saba kwa ajili yake, tena si mara moja, na wakati mmoja alimwambia hata kiongozi wa ibada, bila kutaja majina, na yule mzee akamwuliza, "Uliyemkosea yu hai?" akasema yu hai, "Anakaa mbali?" akasema hapana, si mbali, na yule mzee akamtazama tu, akafunga kitabu chake, na yeye akatoka akajitia hamnazo, akajiambia mzee amechoka... maana amwambieje, aanze wapi, dereva mwenyewe alishakuwa mume wake, alikuja akaomba kweli na kweli akajua kuomba, miaka ishirini na tisa ya ndoa, mtu mwema, mcheshi, alimzika mwaka juzi, na ndoa yenyewe ilianzia kwenye madumu yale mawili, akilitapika lile neno anamtapika na marehemu, na dereva alipoambiwa, maana alimwambia usiku wa tatu wa ndoa, alikaa kitandani, kisha akasema, "Jikaze kisabuni, mke wangu, limeshapita," halafu akagundua neno alilolitumia, sabuni, akafunika uso kwa mikono, na hawakulisema tena. Na Daktari alikuja harusini, alikaa mstari wa mbele na viatu vile vile vinavyombana, akaleta zawadi, kasha la bilauri, na walipofungua wakakuta saba, dukani zinauzwa sita sita na yeye alileta saba, ya saba imefungwa peke yake kwenye gazeti, na dereva alicheka mpaka akakaa chini, "Msomi mzima hajui nusu dazeni," na yeye akacheka pia, na zimevunjika moja moja kwa miaka, moja kwenye kuhama, moja mtoto wa jirani, na hii mkononi ndiyo ya mwisho, alikuja nayo hapa alipohamia kwa Daktari baada ya msiba, wazee wawili kwenye nyumba moja, "Hanisaidii," Daktari huwaambia wageni, "ananivumilia"...

...saba. Bilauri inazunguka mkononi, maji yanaizunguka, na ndani ya maji kuna dirisha la jikoni limepinda, dogo, na ndani ya dirisha lile kuna dirisha jingine, la kule, alasiri ya ile Ijumaa kamati ilipokwisha kuondoka, yeye amerudi kuchukua trei na kumkuta Daktari amesimama peke yake kwenye mwanga, mgongo mlangoni, ana mrija mmoja mtupu, ameutia maji kidogo, ameuziba kwa kidole gumba na anautikisa, anautikisa, kisha anauinua juu kwenye jua anautazama muda mrefu, na yeye mlangoni aliona, ndiyo, aliona kitu cheupe chembamba shingoni mwa mrija, kama ukingo wa mate, kama lesi, na siku zote amekumbuka mgongo wa Daktari, jinsi ulivyoinama, amekumbuka viatu vimevuliwa viko chini ya meza, lakini lesi ile hakuwahi kuiuliza jina lake, na jina lake ni povu, povu, mwosha vyombo gani asiyejua povu, maji matupu hayatoi povu... na Daktari akageuka, akamwona, akaumimina ule mrija kwenye sinki, pole pole, akasema, "Nenda nyumbani, mdogo wangu, leo umechoka," yeye ndiye aliyechoka, yeye Daktari, na akaambiwa mwingine amechoka... na Jumatatu, subiri, Jumatatu Daktari alikuja chumba cha kuoshea amekunja mikono ya koti, akasimama kando yake kwenye sinki, "Sogea kidogo," akasema, "kuanzia leo maji ya saba nitamwaga mimi," na yeye alidhani ni majonzi, alidhani mtu aliyeaibika mbele ya kamati anatafuta pa kusimama, akasogea, wakawa wanasuuza wawili kama mawifi waliopatana, na mirija ile ya Jumatatu ikapelekwa mezani na yote kumi na miwili ikageuka manjano, manjano ya kiini cha yai, na Daktari akaandika kwenye daftari lake, tarehe na saa, na kamati haikurudi kutazama, walisema wameshaona, na walipomwandikia aeleze kimebadilika nini kati ya Ijumaa na Jumatatu alijibu neno lile lile, sijui, yeye alipeleka barua ile kwa mkono wake ofisini, haikuwa hata imefungwa... na Daktari hakuwahi kusema sijui ikaishia hapo, maisha yake yote, akiulizwa na mwanafunzi, na mkubwa, na mtoto wa mtu njiani, husema, sijui bado, na ile bado huisema kwa hamu kama anayeona chakula, mara mbili tu aliiacha, mara ya kamati na mara ya barua ile.

Alijua. Alijua tangu jua la alasiri ile. Alilijua povu, na kutoka kwenye povu mpaka kwenye mtambo ni hatua mbili, na mtungi wa mtambo ulikuwa mkavu, na kutoka kwenye mtungi mpaka kwenye gari la mkurugenzi lililowaka kwa ufunguo mmoja asubuhi ile, mtu aliyemtafuta fundi asiyeonekana ndani ya mbegu atashindwa kumwona dereva mlangoni? Na angesema, angesema neno moja tu kwa wale watatu, mwosha vyombo wangu hakusuuza, na kiti kingekuwa chake, na maabara, na mlango mkubwa wenye jina miaka thelathini kabla ya leo, na Jumatatu hiyo hiyo wangefukuzwa watu wawili, msichana wa sinki na dereva wa mkubwa, na harusi isingekuwepo, na miaka ishirini na tisa isingekuwepo, na kicheko cha nusu dazeni kisingekuwepo... na miaka yote hii yeye alidhani amebeba mzigo peke yake kichwani, anajihurumia, anafunga, anapiga magoti, kumbe alishika upande mwepesi, na mwenzake mbele ameshika upande mzito na anatembea wala hageuki, ili wasitazamane. Na hapo, Mungu amsamehe, anapata hasira, hasira ndogo ya moto kama cheche ya mafuta ya kukaangia, kwa nini hukuniambia, kwa nini ulinifanya mtoto, ungenigombeza ningelia siku mbili ningepona, umeninyima hata kutubu... na cheche inazimika palepale, maana nani alikuwa na mdomo wa kusema kwanza? Maji ya saba nitamwaga mimi. Aliambiwa. Kila asubuhi kwa miaka kumi na moja chini ya ngazi, bega kwa bega, aliambiwa, akaachiwa nafasi ya kujibu, yale maji sita yalikuwa yake na katika hayo sita angeweza kufungua mdomo wakati wowote, na hakufungua, na maji ya saba, yale ya Mungu nione, Daktari ndiye aliyekuwa akiyamwaga kwa niaba yake.

Na leo anataka kuyamwaga tena. "Kalamu hii hapa, Mama," yule bwana anasema, "nitakuongoza kidole, mstari uko hapa, chini ya tarehe," na Daktari, "Ninaujua ulipo mstari, mwanangu, nimetia sahihi nyingi," na kiti kinalia, anasogea mbele, kama anatania, ila hakuna utani, na hapo anaona picha yote hadi mwisho wake, sahihi itakauka, barua itawekwa kwenye faili, na faili litasema uamuzi ulikuwa wa haki, na Daktari atakufa, maana siku zake ziko karibu, na wasichana watapita chini ya lile bamba la shaba wakienda madarasani wakiambiana, huyu ndiye wa kwanza, alikuwa hodari ingawa mwanzoni alikosea, ingawa, watasema ingawa, kila mwaka wasichana wapya na ingawa ile ile, na yeye atasimama mbele ya Mola wake aulizwe, si kuhusu maji, maji yameshasamehewa zamani, aulizwe kuhusu leo, saa kumi kasoro ya alasiri, ulikuwa wapi, nilikuwa jikoni, ulikuwa unafanya nini, nilikuwa nasuuza bilauri... ya nne dada aliyelea wote, Mungu mlipe, ya tano pacha, ya sita pacha mwenzake, midomo yake inahesabu yenyewe, hajui ilianza lini, na birika sasa ndiyo linaanza kuguna, chini chini, halijafika popote, na bomba bado nusu, na bilauri bado mkononi, imejaa mpaka ukingoni na maji yanamwagika kwa kila upande bila sauti, na ya saba, anasema, ya saba mimi, Mungu nione, na miguu imeshageuka, hatua tatu mpaka mlango wa sebule, mikono inachuruza maji kwenye sakafu aliyoipiga deki asubuhi mwenyewe, na yule bwana anainua uso, na Daktari hainui uso, anageuza sikio tu, kalamu imesimama juu ya karatasi, haijagusa, inangoja, kama mtu anayeujua mwendo wa miguu hiyo na ameusubiri siku nyingi kidogo, na yeye anapiga moyo konde, na sauti inatoka ya kawaida kabisa, ile ile ya kuuliza vijiko vingapi vya sukari, "Daktari," anasema, "naomba hiyo kalamu."